Kitanda kimoja melini, karatasi mbili dikoni: barua ya wazi kwa wanaotoa vibali vya meli za utafiti wa bahari

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchumi wa buluu na uvuvi Zanzibar, na kwenu nyote ambao faili la meli ya utafiti hupita mezani penu kabla ya kugongwa muhuri.

Assalaam aleikum.

Ninachoomba ni kidogo, na nakitaja mapema msije mkafika katikati ya barua mkidhani nataka bajeti. Naomba kitanda kimoja na karatasi mbili. Kitanda kiwe ndani ya kila meli ya kigeni inayoruhusiwa kuipima bahari yetu, na alale hapo kijana wa Unguja au Pemba aliyepanda kufanya kazi. Karatasi ya kwanza ibandikwe kwenye madiko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kabla meli haijafika: nani anakuja, atapita wapi, atafanya nini. Ya pili ibandikwe meli ikishaondoka: amepata nini. Zote mbili kwa Kiswahili.

Nasomesha jiografia katika skuli ya sekondari huku Mkoani, Pemba. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi; nguru na jodari ndio walionisomesha. Kusi likilegea alikuwa akivuka nje ya Makoongwe hadi pale maji yanapogeuka rangi kwa ghafla, buluu ikawa karibu na nyeusi, na hapo husema Pemba imekwisha. Siku moja alinichukua. Alifunga chubwi la risasi kwenye mshipi, akaunga mshipi wa pili, akaunga wa tatu, akashusha. Mimi nilihesabu pima kwa sauti mpaka koo likakauka. Mshipi ukamwishia mkononi na chubwi bado linaning'inia. "Hakuna chini," akasema, akaanza kuvuta.

Miaka baadaye, nikiwa chuo, nilisoma kwamba mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa chetu na pwani ya Tanga, una kina cha mita 800 hivi, wakati ule wa kati ya Unguja na bara ni mita 30 au 40 tu. Ndiyo maana Unguja iliwahi kuwa sehemu ya bara. Zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilishuka mita 120 hivi na mtu angevuka kwa miguu. Mifupa ya punda milia imefukuliwa katika pango la Kuumbi, kule Jambiani. Pemba ilibaki kisiwa. Nilirudi likizo na habari hii kama zawadi. Mita 800, nikamwambia baba, ni pima 430 na ushei. Akasikiliza, akaendelea na tambuu yake, halafu akaniuliza:

"Nani kenda kupima?"

Nikamwambia, meli za utafiti.

"Kumbe wamepita hapa hapa. Mbona hawakutwambia?"

Sikuwa na jibu, na leo naleta swali lake kwenu.

Waliopima ni wengi na si wa jana. Wajerumani walipita na meli yao Valdivia mwaka 1899. Miaka ya 1960, katika msafara mkubwa wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, meli za mataifa mengi ziliichambua bahari hii kutoka pembe zote. Dr. Fridtjof Nansen, meli ya Wanorwei inayofanya kazi pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikuja kuhesabu samaki wetu mwaka 1982 na 1983, na nyingine yenye jina hilo hilo ikarudi mwaka 2018. Tusisahau pia kwamba miaka ya 1950 makao ya shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari kwa Afrika Mashariki nzima yalikuwa hapa Unguja. Bahari kupimwa, basi, hatukuanza leo.

Lakini safari ninayoipenda kuwasimulia wanafunzi ni ya Mabahiss. Januari 1934 meli hiyo ilifanya kazi katika maji ya Zanzibar. Jina ni la Kiarabu, lina maana ya tafiti, na meli yenyewe ilikuwa mali ya serikali ya Misri. Fedha zilitoka kwenye urithi wa mtaalamu wa bahari John Murray, kiongozi wa msafara alikuwa Mwingereza, Seymour Sewell, na viumbe vilivyovuliwa vingi viliishia makumbusho ya London. Mpaka hapo ni hadithi ile ile tunayoijua. Ila ndani ya Mabahiss walikuwamo Wamisri wawili wasomi, Hussein Faouzi, daktari aliyekuwa pia mtaalamu wa viumbe, na Abdel Fattah Mohamed, mkemia. Walitikiswa na mawimbi yale yale, walichota maji kwenye chupa zile zile, waliandika kwenye madaftari yale yale. Waliporudi kwao wakawa miongoni mwa waasisi wa elimu ya bahari nchini Misri. Mabahiss ipo mpaka leo, imehifadhiwa Alexandria.

Wamisri walipata nafasi kwa sababu meli ilikuwa yao. Sisi meli ya namna hiyo hatuna, lakini bahari ni yetu, na sheria inasema hiyo inatosha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari mwaka 1985. Nyinyi mnaujua kuliko mimi, lakini wavuvi watakaosomewa barua hii hawaujui, kwa hiyo mniwie radhi nikiutaja. Anayetaka kufanya utafiti katika maji yetu anatakiwa alete taarifa kamili miezi 6 kabla, na ridhaa ni yetu. Kifungu cha 249 kinasema nchi yenye pwani, ikitaka, ina haki ya kushiriki, hasa ndani ya meli, bila kuchangia gharama za mradi. Ina haki ya kupewa ripoti ya awali na matokeo ya mwisho. Ina haki ya nakala za takwimu, na ya kugawiwa sampuli zinazoweza kugawika bila kuharibika. Na ikiomba, isaidiwe kuelewa takwimu hizo zina maana gani.

Kwa hiyo kitanda changu kipo kwenye sheria tangu zamani. Kinachotakiwa ni neno "ikitaka". Lazima tutake, na tutake kwa maandishi.

Kipo na kifungu cha 252, ambacho kila afisa mwenye tabia ya kulalia mafaili angepaswa kukibandika juu ya meza yake. Taarifa ikishafika na sisi tukakaa miezi 4 bila kujibu, tunahesabiwa tumeridhia. Miezi 6 ikitimia, meli inaanza kazi. Faili la bahari likisahaulika kwenye droo, kibali kimetoka, tena bila hata sharti moja la kwetu.

Niseme na yaliyonikuta. Mwaka mmoja niliombwa kuwa mkalimani wa watafiti waliokuja kuchukua mashapo, yaani lile tope na mchanga unaotua chini ya bahari. Siku tisa, mashua ya kukodi, mwenye mashua mzee wa makamo ya baba yangu. Siku ya kwanza walipoteza bomba moja la kudidimiza topeni. Ilikuwa bamvua, maji yanakwenda mbio, mzee akawashauri wangoje maji mafu, mkondo ulegee, mimi nikatafsiri, wao wakatabasamu. Bomba likalala, kamba ikakatika. Baada ya hapo walikuwa wakimuuliza mzee kila asubuhi.

Bomba la pili lilipanda salama. Walililaza sitahani, wakalipasua kwa urefu, na wote tukainama. Juu tope lilikuwa laini, rangi ya chai ya maziwa. Kadiri unavyoshuka linakuwa la kijivu, zito, linanuka kama yai viza. Katikati palikuwa na mstari mwembamba wa magamba yaliyovunjika, haufiki upana wa kidole. Mkubwa wao alinipa kioo cha kukuza nitazame mchanga kidogo kiganjani. Niliona vijigamba vidogo kuliko punje ya sukari, vingine vimejikunja kama konokono. Wanaitwa foraminifera. Hujenga gamba la chokaa, wakifa huzama, na tope huwafunika tabaka juu ya tabaka. Ukipima kiasi cha magnesi na kalisi ndani ya gamba, unaweza kukisia maji yalikuwa na joto gani zama zile kiumbe yule alipokuwa hai. Kwenye vilindi vya mbali, sentimita chache za tope zinaweza kuwa ni miaka 1,000. Karibu na midomo ya mito kama Pangani na Rufiji linajaa haraka zaidi.

Nilipomaliza kutafsiri, mzee alinyoosha kidole kwenye ule mstari wa magamba. "Hebu muulize huyu bwana, kile kimbunga cha wakati wa mababu, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, kimo humu?"

Alikuwa anauliza kimbunga cha Aprili 1872, kilichozamisha majahazi bandarini Unguja na kufyeka mashamba, huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Ndicho kilichoifanya Pemba iwe ndiyo Pemba ya karafuu. Yule bwana alikaa kimya kidogo, akasema ni swali zuri sana, akaliandika daftarini. Nililiona likiandikwa. Halafu wakalifunga bomba kwa plastiki, wakachora mshale wa kuonyesha upande wa juu, wakaliingiza kwenye sanduku la barafu, na siku ya kumi wakaondoka nalo.

Niliandika barua pepe tatu. Nikajibiwa moja, kwa adabu, kwamba uchambuzi unaendelea. Baada ya miaka miwili hivi nilijitafutia mwenyewe, nikaikuta makala mtandaoni, kwa Kiingereza, na ukurasa ukadai dola 35 nipate kuisoma. Muhtasari ulikuwa wa bure. Mwishoni mwake hapakuwa na kimbunga. Nilikwenda kwenye ofisi moja mjini kuuliza kama ripoti ililetwa. Nikaambiwa niache namba ya simu. Mzee mwenye mashua alikuwa akiniuliza kila tukikutana msikitini, "Maalim, vipi lile tope letu?" Sasa hivi haulizi tena, na mimi hupita upande wa pili.

Tope letu. Neno hilo, letu, ndilo lililonikalia rohoni. Mashapo yaliyochimbwa mbele ya pwani ya Tanzania na meli ya Kijerumani Meteor mwaka 2008 yamehifadhiwa Bremen, kwenye ghala la baridi, kwa namba na kumbukumbu. Sina ugomvi na hilo. Yanatunzwa vizuri kuliko hati za mashamba ya wengi wetu, na lau yangebaki hapa, kwa umeme wetu huu, yangekwishaoza. Ila nusu ya bomba, au picha yake, au mtu mmoja aliyekuwapo likipasuliwa na anayejua lilisema nini, si tamaa kubwa.

Nasikia jibu lenu kutoka huku: ripoti zipo, takwimu ziko wazi kwenye intaneti. Ni kweli. Yapo hata maboya ya Argo, karibu 4,000 duniani kote, yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 yakirusha takwimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi kwenye simu yangu. Lakini kitu kuwa wazi kwa mwenye kompyuta na Kiingereza cha chuo kikuu hakumfikii aliyekaa dikoni Tumbe akishona jarife. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Halafu habari za bahari ya Unguja hazisomeki kwa lugha hiyo! Hili hunichekesha nikiwa na moyo mzuri, na siku nyingine halinichekeshi.

Msidhani wavuvi watapokea tu. Kuna mkondo mkubwa wa maji unaopita mbele yetu mwaka mzima kuelekea kaskazini. Maji yake huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hufika bara karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika, na tawi moja ndilo hili letu. Wakati wa kusi upepo na mkondo huwa na nia moja, kasi ikazidi mita moja kwa sekunde, kama mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Kaskazi ikivuma mkondo hupunguzwa kasi, lakini haurudi nyuma. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka baba akinionyesha mshipi kwenye kaskazi: upepo unasukuma dau kusini, mshipi umelala kaskazini. "Juu kuna bwana wake, chini kuna bwana wake," alikuwa akisema. Meli ya utafiti hupima jambo hilo hilo kwa kutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi unavyorudi. Baba alilipima kwa kidole cha shahada. Kijana wa kwenye kile kitanda ndiye angezikutanisha njia hizi mbili, maana wageni hawajui kuuliza na wazee hawajui kwamba wanachokijua kinatafutwa.

Na si mambo ya udadisi tu. MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikija Pemba, ilizama kwenye mkondo wa Nungwi, na kina pamoja na mkondo vikawashinda wazamiaji. Huku Pemba ni nadra kupata nyumba isiyokuwa na jina la kusomea khitma. Mkondo ule unakwenda wapi saa ngapi ya maji, kitu kilichoanguka hapa kitaibukia wapi kesho yake asubuhi, ni maswali ya meli za utafiti, na jibu lake linapaswa kuwepo kwenye chumba cha wanaookoa watu, na kwa kila nahodha.

Aprili 2006 pomboo zaidi ya 400 walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi. Mwaka 2007 wavuvi wa huko huko walimvua silakanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kuamini ametoweka duniani tangu zama za dinosaria. Na jirani zangu wa Kisiwa Panza walizika watu mwaka 2021 baada ya kula nyama ya kasa, wakazika tena Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima mmoja. Wataalamu wanasema sumu huenda inatokana na mwani na viumbe wenye sumu ambao kasa huwala. Marufuku ya kumla kasa ilikuwapo. Nilikaa kwenye matanga, na swali lililokuwa likizunguka pale halikuwa la sheria. Watu walikuwa wakiuliza, "Kasa yule kala nini, na wapi?" Chombo kinachopita na nyavu nyembamba za kuchuja viumbe wadogo kabisa kingeanza kulijibu. Kama kimeshapita na kimeshaona kitu, Panza wanastahili kuwa wa kwanza kuambiwa.

Kina mama wa mwani sitawaeleza kwa urefu. Mnawaimba kwenye kila hotuba. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar sasa inatoka Pemba, na maji yakizidi joto kottonii, aina moja ya mwani huo, inakufa kambani. Wanahitaji kujua joto la maji la mwezi ujao. Lile la miaka 8,000 iliyopita wanaweza kulisubiri.

Sasa karatasi ya kwanza, ile ya kabla ya meli. Miaka ya nyuma zilipita hapa meli za kutafuta mafuta na gesi, zikivuta nyaya ndefu na kupiga milipuko ya hewa majini, na wavuvi waliambiwa wakae mbali. Tangu hapo kila meli nyeupe inayokwenda polepole na kugeuka geuka, huku inaitwa meli ya mafuta. Samaki wakipungua wiki ile, ni yeye kawafukuza. Nimewasikia vijana wakiapa kwamba meli hizo zinapandisha dhahabu usiku. Siwalaumu. Mtu asiyeambiwa kitu hujitungia. Ukurasa mmoja kwenye ukuta wa diko, wenye picha ya meli, ramani ya njia yake na tarehe, na namba ya simu ya kupiga kama nyavu zimekatwa, ungemaliza maneno mengi. Masheha, viongozi wetu wa mitaa, wanaweza kuusoma baada ya sala ya Ijumaa, haugharimu kitu.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe. Mara kadhaa nafasi melini imetolewa na ikachukuliwa na mtu wa kulipwa posho, akatapika siku nne, akashuka na kofia yenye nembo. Kwa hiyo naomba kitanda kitolewe kwa ushindani, kwa jina la mtu, si kwa jina la ofisi. Wapo vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wapo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa hapa Unguja mwaka 1978. Sharti liwe moja: akirudi, asimame kwenye madiko mawili, moja la Unguja na moja la Pemba, aeleze kwa Kiswahili alichokiona, na ajibu maswali hadi yaishe. Atakayeulizwa na wazee wa Kojani saa nzima na akatoka salama, huyo mpeni shahada bila mtihani.

Watafiti hawatakimbia. Wengi niliokutana nao ni watu wema wanaopenda tope lao kupita kiasi, wangefurahi kuulizwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayewadai. Kibali kinatoka, meli inakuja, kibali kinakwisha, na faili linafungwa kwa sababu hakuna mstari ndani yake unaosema: karatasi ya pili imebandikwa, tarehe fulani, diko fulani, imesainiwa na sheha. Ongezeni mstari huo. Anayerudi kuomba kibali cha pili aulizwe kwanza uko wapi ule mstari wa cha kwanza.

Kwa upande wetu tumeanza. Fundi mmoja wa hapa bandarini ametengeneza ubao wa mbao za mwembe, mita moja kwa mita moja na nusu, na kibati juu mvua isiingie. Hakutaka fedha. Tumeuning'iniza upande wa kivuli, karibu na mizani ya samaki, pale ambapo hata asiyetaka kusoma hulazimika kusimama. Kwa sasa una tangazo la chanjo ya mbuzi na ratiba ya boti. Nafasi iliyobaki inatosha karatasi mbili.

Wassalaam,
Mwalimu wa jiografia,
Mkoani, Pemba